Haragwe la Tano

Kwa miaka ishirini na tisa Ehrenfried Kolb alikuwa meya wa mji wetu wa Sulmbach, na muda wote huo hakuacha duka. Duka lilitazamana na nyumba ya baraza, uwanja wa soko ukiwa katikati. Aliuvuka uwanja huo mara nne kwa siku, kofia nyeusi ile ile kichwani, na wanawake waliokuja kisimani walijua saa kwa kumtazama yeye, si kwa kengele ya kanisa, ambayo ilichelewa. Aliuza chumvi, kahawa, samaki wa chumvi wa mapipani, vitambaa, tepe za rangi zote, na maharage makavu kwa gunia. Mimi, Immanuel Dreher, mtoto wa mfumaji, nilikuwa karani wake wa baraza. Ninayoyaandika hapa niliyaona, au niliambiwa na mwenyewe. Pale nisipojua nitasema sijui.

Vijana hawaamini nikiwaambia kwamba zamani mtu hakuoa hapa bila ruhusa ya mji. Fundi, kibarua, mtumishi, yeyote asiye na nyumba wala shamba aliandika ombi. Madiwani wanane na meya walikaa, wakajiuliza: huyu atawalisha watoto wake, au atatuachia sisi tuwalishe? Kisha walipiga kura kwa maharage. Kila mmoja alipewa haragwe jeupe na haragwe jeusi, kutoka magunia ya Kolb. Moja alilitumbukiza katika mtungi wenye shingo nyembamba, la pili alilirudisha ndani ya mfuko, na jirani yake hakuona kitu. Mimi niliumimina mtungi kwenye meza yangu ya pembeni, nikahesabu, nikatangaza neno moja tu: baraza limekubali, au baraza limekataa. Idadi sikuitaja wala sikuiandika. Ndivyo nilivyoikuta kazi, na ndivyo nilivyoifanya. Katika miaka kumi ya kwanza niliandika "limekataa" mara thelathini na moja.

Si haki kumhukumu Kolb bila kuutaja mwaka wa njaa. Alipewa umeya mwaka 1847, majira ya kuchipua, viazi vikiwa vimeoza ardhini mwaka wa pili mfululizo. Mji wa watu elfu moja na mia tatu ulikuwa na midomo mia mbili na kumi na minne ya kulishwa kila siku. Supu ilipikwa katika nyumba ya kufulia, na yeye mwenyewe alishika upawa. Aliniambia mara moja tu kwamba aliwaona watoto wakilamba ubao ambao juu yake vyungu vilikuwa vimefurika. Tangu hapo aliiogopa ndoa ya maskini kama wengine wanavyoogopa moto kwenye paa la nyasi.

Nyumbani kwake alikuwepo mtumishi, Friederike Stahl, ambaye mji mzima ulimwita Rike. Aliingia akiwa na miaka kumi na saba. Rike na Wendel Haug, mfuma soksi, walitakana. Wendel alikuwa na mtambo wake wa kufumia na chumba cha kupanga, basi. Aliomba ruhusa mwaka 1851, akakataliwa. Akaomba mwaka uliofuata, akakataliwa. Mwaka 1853 aliomba mara ya tatu, na safari hiyo Rike alikuwa na mimba. Niliumimina mtungi, nikatangaza: limekataa.

Wiki ile ile Kolb alimpa Rike shali nzito ya sufu, ya kijivu, kutoka dukani. Alimwambia, "Nimefanya nililoweza, Rike." Mji ulisema kwamba meya ndiye aliyemtetea, ila madiwani walimzidi. Rike mwenyewe aliamini hivyo. Alimzaa binti, Pauline, akampeleka kwa mama yake mtaa wa juu, akarudi kazini. Alibaki miaka sita zaidi, mpaka mke wa meya, Bibi Rosine, aliyekuwa hatoki kitandani, alipofariki.

Sheria ile ilifutwa mwaka 1871. Watu walidhani Wendel ataoa kesho yake. Hakuoa. Aliwahamishia Rike na Pauline kwake mchana kweupe, mchungaji akanung'unika, na Wendel akasema maneno ambayo yalizunguka mji wote: "Nimezipanda ngazi zile mara tatu, kofia mkononi. Sheria imebadilika, ngazi ni zile zile."

Mwaka 1876 ikaja sheria nyingine. Ndoa zote sasa ziandikwe na serikali, na mwandikaji wa kwetu awe meya. Tuliletewa daftari jipya, kurasa zake tupu. Kolb alikuwa na miaka sabini na moja. Mwisho wa Januari Rike alikuja barazani.

Tulimsikia kabla ya kumwona. Ngazi ni kumi na nne, naye alipumzika mara tatu. Alipoingia midomo ilikuwa ya buluu, miguu imevimba hadi viatu havikufungika, na mabegani alikuwa amejitanda shali ile ya kijivu.

"Kaa, Rike, kaa," Kolb alisema, akamsogezea kiti chake mwenyewe.

"Nikikaa sitainuka, Bwana Meya. Acha niseme nikiwa na pumzi." Alishika ukingo wa meza. "Daktari anasema maji yamefika moyoni. Nikamwuliza, Pasaka nitaiona? Akaanza kuniambia habari za hewa safi. Basi nikaelewa."

Kolb alikirudisha kiti nyuma ya meza.

"Nataka nizikwe na jina la Wendel. Na Pauline awe na baba kwenye karatasi. Sitaki keki, sitaki muziki. Hayo mawili tu."

"Na Wendel anasemaje?"

"Wendel ni nyumbu, si unamjua? Anasema ameomba mara tatu, sasa mji umwombe yeye. Nikamwambia, mzee wangu, mji hauna mdomo. Akasema, ulikuwa na mdomo wa kukataa, utapata na wa kuomba." Alicheka kidogo, kicheko kikageuka kikohozi. Kilipomwachia alisema, "Nenda wewe, Bwana Meya. Wewe atakusikiliza. Nimemwambia miaka yote hii kwamba siku ile ulikuwa upande wetu."

Kolb alikuwa anatazama kidau cha wino. Mimi nilitazama karatasi yangu.

"Nitakwenda," alisema.

"Nilijua," Rike alisema, akaanza safari ya kushuka, nami nikamshika mkono hadi chini.

Niliporudi juu meya alikuwa bado amesimama.

"Dreher," alisema, "ombi la tatu la Haug. Ulimimina maharage mangapi?"

"Tisa, Bwana Meya."

"Tisa najua. Meusi?"

Sikuwa na mazoea ya kukumbuka hesabu hizo. Hii niliikumbuka. "Matano."

Alikaa kwenye kiti ambacho Rike alikikataa. Nilisikia magogo yakipasuka ndani ya jiko. Alisema, "Mimi nimeishi nikidhani yalikuwa manane. Labda tisa."

"Yalikuwa matano, na meupe manne."

"Hukusema."

"Haikuwa desturi kusema."

"La," alisema. "Haikuwa desturi." Alifunua viganja vyake juu ya meza kama mtu anayetaka kuonyesha hana kitu. "Niliweka jeusi. Nilijiambia, wataweka jeusi wote, langu halitaongeza wala kupunguza. Basi la tano ni langu."

Nilimwambia kwamba kila mmoja wa wale watano angeweza kusema hivyo hivyo, na kwamba alikuwa na sababu. Alikuwa ameushika upawa.

"Hiyo ndiyo sababu niliyojipa. Wengine wanne hawakuwa na mgonjwa nyumbani, Dreher. Rosine alikuwa hakubali mkono wa mtu mwingine. Mtumishi akiolewa anaondoka. Nilikuwa nimelishika lile jeupe kabisa, tayari. Nikafikiria nani atamgeuza Rosine kitandani asubuhi."

Nilimshauri nilivyoona vema wakati ule. Nilisema: mwombe Wendel kwa jina la mji, inatosha, kwa nini umtwishe mwanamke anayekufa jambo la miaka ishirini na miwili? Mpaka leo sina hakika kama ushauri ule ulikuwa mbaya.

Alitikisa kichwa. "Ameniomba niende kwa sababu anadhani niliweka jeupe. Nikienda hivyo nitakuwa ninamuuzia samaki aliyeoza kwa bei ya mzima. Sijafanya hivyo dukani, sitaanza leo."

Kesho yake asubuhi tulikwenda wote wawili, mimi nikiwa na tangazo la ndoa ndani ya mfuko wa ngozi. Sheria ilitaka majina yabandikwe wiki mbili mlangoni pa baraza kabla ya kufungisha, na wiki mbili kwa Rike zilikuwa mali.

Wendel alikuwa mtamboni. Ni chumba kimoja: mtambo dirishani, jiko, kitanda, na benchi kando ya jiko ambapo Rike alikuwa amelala, miguu juu ya mto. Pauline alikuwa anamenya viazi. Wendel hakuacha kazi tulipoingia. Mtambo wa soksi una kelele, na alituacha tusimame ndani ya kelele hiyo mpaka alipomaliza mstari.

"Loo," alisema hatimaye. "Ngazi zimeshuka zenyewe leo."

"Habari za asubuhi, Haug."

"Kama unataka soksi, nina za sufu na za pamba. Za meya sina, miguu yake siijui. Nimezoea kuona kiatu tu, kutoka chini."

"Wendel, mkaribishe mtu," Rike alisema.

"Nimemkaribisha. Sijamtupa nje."

Kolb alivua kofia. Akasema aliyokuja kusema, bila kuyazungusha: kwamba kura ilikuwa matano kwa manne, kwamba moja la yale meusi lilikuwa lake, na kwamba aliliweka kwa sababu hakutaka Rike aondoke nyumbani kwake. Alisema yote hayo akimtazama Wendel. Kisha aligeuka akamtazama Rike.

Pauline alikuwa ameacha kumenya. Kisu kilikuwa hewani.

Rike aliuliza, "Bibi Rosine alijua?"

"Hapana. Hakujua kamwe."

"Afadhali," Rike alisema. "Angekataa hata nimnyweshe maji." Akafumba macho. Sikujua kama amechoka au analia; uso wake ulikuwa umevimba, na nyuso zilizovimba hazisomeki vizuri.

Wendel aliinuka. Alikuwa mtu mrefu aliyekunjwa na mtambo, na alipojinyoosha nilirudi nyuma hatua moja. Alikwenda hadi mlangoni, akaufungua, baridi ikaingia. Nilidhani anatufukuza. Alikuwa anatazama mtaa tu, chini hadi sokoni, milango yote.

"Moja," alisema. "Haragwe moja la kupikia." Akaufunga mlango. "Unajua walimwita nini mtoto huyu shuleni?"

"Najua."

"Hujui. Na umekuja kuniomba mimi. Hapa, ndani, mlango umefungwa, karani wako pembeni. Mimi sikukataliwa ndani. Nilikataliwa na mji mzima, halafu mji mzima ukanitazama nikishuka."

"Unataka nini, Haug?"

"Harusi ina mwalishi wa kupita mlango kwa mlango. Sisi hatuna. Chukua fimbo."

Nadhani mimi ndiye niliyesema, "Wendel, mzee ana miaka sabini na moja," maana alinijibu mimi.

"Na mimi nilikuwa na ishirini na saba, Bwana Karani. Hukunihurumia." Kisha kwa Kolb: "Kila mlango. Na kwenye kila mlango useme hayo uliyoyasema hapa. Usiache hata mmoja."

"Halafu utakuja?"

"Halafu nitaona. Karatasi yako ibandike, karatasi haipandi ngazi." Akaitia sahihi juu ya boriti ya mtambo, wino ukaingia kwenye ufa wa mbao, na upo hadi leo.

Kwetu mwalishi wa harusi huwa ni mtu wa kuchekesha. Miaka ile alikuwa fundi cherehani mmoja aliyelipwa kwa mvinyo wa tufaha, na alipofika nyumba ya ishirini alikuwa haioni ya ishirini na moja. Hubeba fimbo ndefu nyeupe, husema maneno yake ya kualika, na nyumba inayokubali humfungia utepe kwenye fimbo. Harusi ikiisha, bwana harusi humpa soksi ndefu nyeupe mbele ya watu wote mezani. Hajapata kuwa meya, wala mfanyabiashara, wala mtu wa umri ule.

Kolb alifunga duka Jumatano. Watu walisimama kulitazama, maana halikuwa limefungwa siku ya kazi tangu mazishi ya Rosine. Alitoka na fimbo, theluji ikimfika kwenye vifundo vya miguu, akaanza na nyumba iliyokuwa karibu. Nilifuatana naye, hakuniomba, wala hakunikataza.

"Mungu aibariki nyumba hii na waliomo," alisema katika kila kizingiti. "Nimetumwa na Wendel Haug na Friederike Stahl. Wanawaomba mje Alhamisi ya tarehe kumi na saba, mkae nao na mwe mashahidi wao." Kisha, bila kushusha sauti: "Nami nina la kwangu. Mwaka 1853 walikataliwa kwa haragwe moja. Mimi ni mmoja wa walioweka jeusi, na niliweka kwa faida ya nyumba yangu."

Watu wa nyumba za mwanzo hawakujua waseme nini, wakafunga utepe haraka haraka wapate kufunga mlango. Lakini habari hukimbia kuliko mzee wa miaka sabini na moja, na kufikia mchana watu walikuwa wanatusubiri madirishani.

Mkunga wa zamani, Bibi Sabine Knapp, alimsikiliza hadi mwisho, mkono nyuma ya sikio.

"Rudia," alisema. "Mwanzo nimeusikia. Hilo la mwisho."

Akarudia.

"Ala! Nami nilidhani nimekufa nikaota. Meya kusema 'nimekosa' kabla ya chakula cha mchana!" Akaifungia fimbo utepe mwekundu. "Yule Pauline nilimtoa mimi. Alitoka miguu kwanza. Nikasema, huyu anataka kuona mji kabla ya kuingia, ana akili kuliko sisi. Ingia unywe kitu cha moto, mwanangu, pua yako imekuwa nyekundu kama kitovu cha kichanga."

"Nina milango mingine, mama."

"Milango haina miguu. Haya, nenda, nenda."

Mwokaji Sixt Bauder hakuwa na mzaha. Alikuwa mmoja wa madiwani wa siku ile. Alitoka nje na unga mikononi, akasukuma fimbo pembeni.

"Unatuvua nguo wote, Kolb!"

"Sijataja jina la mtu, Sixt. Nimetaja langu."

"Tulikuwa tisa! Sita wamekwenda kaburini. Waliobaki wanahesabika kwa vidole, na asubuhi hii wateja wananitazama mimi kama nimewawekea mchanga ndani ya mkate. Shingo ya mtungi haikuwa nyembamba bure!"

"Ndiyo," Kolb alisema. "Nami niliipenda shingo ile kuliko nyote."

Bauder alifunga mlango. Nyumba ile haikufunga utepe. Mimi najua hesabu tu, sijui Bauder aliweka lipi, na sikutaka kujua.

Siku ya pili tulifika kwa mjane Dorothea Merz, nyuma ya kiwanda cha ngozi. Mwanawe alikataliwa mwaka 1854. Aliondoka na mchumba wake kwenda Amerika, na baada ya barua mbili haikuja nyingine. Kolb alisema maneno yake. Mjane alikuwa anafuta mikono kwenye aproni, na aliendelea kuifuta muda mrefu ingawa ilikuwa mikavu.

"Na la mwanangu?" aliuliza. "Uliweka lipi?"

"Jeusi."

"Ulikuwa na mgonjwa nyumbani wakati huo pia?"

"Nilikuwa naye. Lakini la mwanao niliweka kwa kuogopa njaa tu."

Mjane aliichukua fimbo mkononi mwake. Alizipitia tepe moja moja kwa vidole, kama anayetafuta ya mtu anayemjua. Kisha akamrudishia. "Sina utepe," alisema. Katika mji ambao Kolb ameuza tepe miaka arobaini hakuna nyumba isiyokuwa nao. Kolb aliinamisha kichwa, tukaondoka.

Ilimchukua siku tatu. Milango ilikuwa mia moja sitini na mmoja, na fimbo ilipata tepe tisini na saba. Siku ya nne alilala na homa, lakini tarehe kumi na saba asubuhi alikuwa amesimama barazani, amenyolewa, fimbo imeegemea ukuta. Daftari lilikuwa wazi. Mlangoni karatasi ilikuwa imekaa wiki mbili zake bila mtu kuichana.

Uwanja ulijaa. Bibi Sabine alikuja na kigoda chake. Mjane Merz alikuwepo pia, peke yake, karibu na kisima. Hatukujua kama Wendel atatokea. Alikuwa hajasema ndiyo kwa mtu yeyote, hata kwa Rike. Pauline aliniambia hivyo baadaye.

Saa nne walitokea kutoka mtaa wa juu. Wendel alikuwa anavuta gari la kuburuta la kubebea kuni, na juu yake Rike amefungwa blanketi, Pauline akisukuma nyuma. Rike alikuwa hawezi tena kutembea hata hadi mlangoni kwake. Mabegani alikuwa na ile shali ya kijivu. Watu walinong'onezana kuihusu. Akasikia, akasema kwa sauti yote aliyokuwa nayo, "Ni shali nzuri. Imenipasha moto miaka ishirini na miwili. Kosa si la shali."

Wendel alifika ngazi ya kwanza akasimama. Hakuweka mguu. Alitazama juu, na watu wote wakatazama alikotazama.

Kolb alitoka. Alishuka ngazi zote kumi na nne, fimbo mkono mmoja, kofia mkono wa pili, theluji ikimwangukia kichwani. Alisimama chini, ngazi zikiwa nyuma yake, mahali ambapo Wendel alisimama miaka ile.

"Mungu aibariki nyumba hii," alisema, ingawa hapakuwa na nyumba, palikuwa na gari la kuni. "Wendel Haug, mji unakuomba upande."

Wendel alimkazia macho. Nilihesabu pumzi zangu, nikafika kumi na kitu, nikapoteza hesabu.

"Wendel," Rike alisema, "miguu yangu inaganda. Mkitaka kutazamana, mtazamane kando ya jiko."

Mtu alicheka, kisha wengi, na kicheko kikakatika ghafla kwa sababu Wendel alikuwa ameinama. Alimbeba Rike pamoja na blanketi lake. Alipanda polepole, akitanguliza mguu ule ule kila ngazi. Kolb alipanda nyuma yao, na Pauline akamshika mzee kiwiko. Sidhani kama alifikiri. Ngazi zilikuwa na barafu.

Sheria inataka maneno machache. Kolb aliuliza kila mmoja kama ni hiari yake. Rike alisema ndiyo kabla swali halijaisha. Wendel alisema, "Ilikuwa hiari yangu mwaka hamsini na moja. Ndiyo." Niliandika hivyo tu: ndiyo. Rike alitia sahihi ya jina lake jipya, akaitazama, akaomba aiandike tena pembeni ya karatasi ya kukaushia wino, kwa kujizoeza tu.

Walikula chini, katika ukumbi wa hoteli ya soko: supu ya maandazi ya nyama, nguruwe na kabichi, kisha mkate wa Sixt Bauder, ambao uliletwa na mkewe kwa mlango wa nyuma. Ilipofika wakati wa soksi za mwalishi watu waliacha kuzungumza. Bwana harusi alikuwa mfuma soksi bora katika wilaya. Wendel aliendelea kula. Hakutia mkono mfukoni, hakuinuka. Kolb alisubiri muda wa heshima, akaaga, akavuka uwanja kwenda nyumbani.

Rike alifariki tarehe tisa Machi. Nilimwandika Friederike Haug, mke wa Wendel Haug, na Pauline akasoma nilichoandika kabla sijakausha wino.

Baada ya Pasaka Kolb aliomba kuachia umeya. Meya mpya aliendelea na maharage kwa mambo mengine ya mji, lakini mimi nilianza kuandika idadi: meupe mangapi, meusi mangapi. Hakuna aliyeniagiza, na hakuna aliyenizuia. Ningeweza kuanza zamani.

Kolb alikufa Novemba 1877. Alilazwa katika chumba cha nyuma ya duka, karibu na magunia, kama alivyotaka. Nilikuwa pale na mwoshaji adhuhuri, Wendel Haug alipoingia bila kubisha. Alitoa kifurushi ndani ya koti, akakiweka kwenye kaunta. Zilikuwa soksi ndefu nyeupe za pamba, kazi nyembamba sana, bila fundo.

"Za mwalishi," alisema. "Ni haki yake."

"Umechelewa, Wendel."

"Nilikuwa nazifuma."

"Mwaka na miezi tisa?"

"Nilizifumua mara tatu." Alitazama chumba cha nyuma lakini hakuingia. "Miguu yake sikuijua. Nimekisia."

Alivaa kofia akaondoka. Mimi na mwoshaji tulimvika marehemu soksi zile. Zilimtosha.